Mshale wa upepo wa kutengeneza nyumbani, na jinsi ya kuutumia kuona upepo wa bahari na wa nchi kavu: mwongozo kamili

Swali ni lile lile kila mara. Mtu katengeneza mshale wa upepo, labda mradi wa shule wa mtoto, labda yeye mwenyewe tu kapenda, kausimika uani, halafu anasema unazunguka tu hautulii, au saa tisa alasiri yuko Kigamboni na bahari iko pale mbele na bado mshale unasema upepo unatoka bara. Wengine mshale uko poa kabisa ila wameandika wiki nzima na ule upepo wa bahari na wa nchi kavu waliofundishwa darasani hawauoni kwenye daftari.

Mara nyingi mshale hauna kosa. Kosa liko pale uliposimikwa na saa unazosomwa. Halafu kuna jambo watu hawaambiwi, kwamba pwani yetu ina pepo mbili zinavuma kwa pamoja, wa msimu na wa kila siku, usipozitenganisha utaona vurugu na utadhani kifaa kibovu. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni ufundi na nusu ni kusoma, na nusu ya pili ndiyo watu wanairuka.

Nimeuandika kwa mtu wa pwani, Mtwara mpaka Lamu na visiwani. Wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu mna sehemu yenu mwishoni.

## Vifaa

Vya kutengeneza mshale:

- Ufito mwembamba ulionyooka, sentimita 40 hivi. Mwanzi mkavu ni mzuri zaidi, mwepesi na haupindi.
- Plastiki ngumu ila nyepesi, ubavu wa dumu la mafuta ya kula la lita 5 unatosha.
- Spoku moja ya baiskeli, isiyo na kutu.
- Ala ya kalamu ya wino, ile ya plastiki, umeshatoa mrija wa ndani.
- Shanga 2 zinazopita kwenye spoku bila kubana.
- Supagluu, uzi imara, kipande cha waya mwembamba, na vipande vitatu vya utepe mwepesi.
- Mlingoti wa mita 3 au zaidi, mti au bomba.

Vya kusoma:

- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu, utaacha siku ya tatu.
- Dira, hata ya simu.
- Makopo 2 yanayofanana, mchanga mkavu, maji.
- Vipimajoto 2 vya kawaida vinavyofanana. Vya kupimia homa havifai hapa, vingi vinaishia digrii 42 na mchanga wa juani unavuka hapo bila shida, cha kioo kinaweza kupasuka.

## Kabla hujashika mkasi

Hewa ina uzito. Usawa wa bahari, hewa iliyoko juu ya kila mita moja ya mraba ina uzito wa kama tani 10, na huo ndio mgandamizo tunaouita presha, wastani wake hektopaskali 1013. Jua halipashi kila mahali sawasawa, kwa hiyo presha nayo haiko sawa, na hewa inahama kutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo. Hewa hiyo inayohama ndiyo upepo.

Angahewa ina matabaka. La chini ni troposfia, ambalo kwetu huku karibu na ikweta linafika kilomita 16 mpaka 18, wakati kwenye ncha za dunia ni kama 8 tu. Humo joto linapungua wastani wa digrii 6.5 kila unapopanda kilomita moja, ndiyo maana Moshi mjini mtu anatafuta feni na Kibo juu kuna barafu. Linalofuata ni stratosfia mpaka kilomita 50, huko kuna ozoni inayonyonya miali ya jua kwa hiyo joto linapanda badala ya kushuka, na hewa iliyopanda kutoka chini ikifika mpaka huo inagota na kutambaa pembeni, ndiyo ule uso bapa unaouona juu ya wingu kubwa la radi. Mesosfia na themosfia ziko juu zaidi, kwa kazi yetu ya leo hazituhusu.

Nusu ya hewa yote iko chini ya kilomita 5.5, yaani ukiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, umeshaiacha nusu ya angahewa chini yako. Mshale wako wewe unapima mita chache za chini kabisa, pale hewa inapojigonga kwenye nyumba, kuta na minazi. Kumbuka hili ukifika hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Kata mkia na kichwa

Mkia uwe mstatili wa sentimita 12 kwa 10. Kichwa kiwe pembetatu ndogo tu ya sentimita 4. Pasua ncha za ufito kidogo, chomeka plastiki, funga na uzi, kisha gundi.

Sababu ya tofauti hiyo ya ukubwa ni hii: upepo unasukuma zaidi pale penye eneo kubwa, kwa hiyo mkia unasukumwa nyuma na kichwa kinabaki kinaangalia upepo unakotoka. Ukikata kichwa kikubwa ili mshale upendeze, nguvu za pande mbili zinakaribiana na mshale unakosa uamuzi. Hao wa mshale unaozunguka tu, anzieni kukagua hapa.

Mkia usimame wima, usilale. Ukilala upepo unapita juu na chini yake na hausukumi kitu.

## Hatua ya 2: Tafuta pa kuegemeza, na siyo katikati ya rula

Funga uzi kwenye ufito, uning'inize, sogeza uzi mpaka mshale ulale sawa bila kuinamia upande. Utakuta uzi umeenda karibu na mkia kwa sababu mkia ni mzito, na hapo ndipo wengi wanatoboa. Usitoboe bado. Egemeo likiwa karibu na mkia, mkono wa mkia unakuwa mfupi na nguvu yake ya kugeuza inapotea.

Chukua waya, uzungushie shingoni mwa kichwa, ongeza kidogo kidogo mpaka uzi usogee na mizani ikae kama theluthi moja kutoka kwenye kichwa. Mbele fupi na nzito, nyuma ndefu na nyepesi.

Utajua umepatia ukiona mshale unaning'inia sambamba na sakafu na ukiugeuza unarudi kukaa sawa. Weka alama hapo.

## Hatua ya 3: Egemeo

Kata ala ya kalamu kipande cha sentimita 6. Kifunge ubavuni mwa ufito pale kwenye alama, kikiwa wima kabisa, kwanza uzi halafu gundi juu ya uzi. Angalia supagluu isiingie ndani ya ala maana inatambaa yenyewe, ikiingia kata nyingine tu, usihangaike kuikwangua.

Kata kichwa cha spoku kilichopinda, ichomeke imara juu ya mlingoti. Kisha panga: shanga ya chini, ala yenye mshale, shanga ya juu, halafu kunja ncha ya spoku ili upepo usije ukaung'oa. Hizo shanga ndizo beringi yako. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, usiweke mafuta ya kupikia, yanashika vumbi na baada ya siku chache egemeo linakuwa zito.

Jaribio la kuonyesha kama umepatia: ingiza kitu chote ndani ya chumba, funga madirisha, zima feni. Geuza mshale kaskazini uachie. Mashariki, uachie. Fanya pande zote nne. Unatakiwa ubaki pale pale ulipouacha. Ukirudi upande mmoja kila mara, mlingoti umeinama au mizani haijakaa, na ukipeleka nje hivyo hivyo utaandika upepo wa kutoka upande huo mwezi mzima na utauamini.

## Hatua ya 4: Mahali pa kusimika

Hapa ndipo kazi ya wengi inapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Vituo vya hali ya hewa vinapima upepo kwenye urefu wa mita 10 kutoka ardhini, mahali pa wazi, umbali wa angalau mara kumi ya urefu wa kizuizi kilicho karibu. Yaani ukuta wa mita 3 unataka ukae mita 30 mbali nao. Nyumbani kwako Mbagala au Likoni hupati nafasi hiyo, najua, ila ukielewa sababu utachagua penye afadhali.

Hewa ikigonga nyumba haisimami. Inapita juu na pembeni, halafu nyuma ya nyumba inajikunja na kurudi chini kwa chini ikielekea ukutani. Kwa hiyo mshale uliosimikwa uani, nyuma ya nyumba, unaweza kuonyesha kinyume kabisa cha upepo wa kweli, na unaonyesha kwa utulivu na uhakika mpaka mtu anabishana na bahari. Yule wa Kigamboni mshale wake ulikuwa mzima, ulikuwa unasoma ule upepo unaorudi nyuma ya ukuta.

Namna ya kupima mahali kabla hujachimba shimo: chukua mlingoti, funga utepe mmoja kwenye mita 1, mwingine mita 2, wa tatu juu kabisa. Ushikilie wima wakati upepo unavuma vizuri, mchana mchana, uziangalie tepe kwa dakika chache. Zikipepea upande mmoja zote tatu, pazuri. Ya chini ikienda huku na ya juu kule, uko ndani ya mkunjo, ongeza urefu au hama. Ya juu yenyewe ikiwa inabadilisha mawazo kila sekunde, hama tu.

Sehemu ambazo huwa zinafaa ni katikati ya uwanja wa shule, ufukweni juu ya pale maji yanapofika yakijaa, na juu ya paa la zege la nyumba ndefu kuliko majirani, ila siyo ukingoni mwa paa, na mlingoti uwe mrefu hata hapo. Paa la bati mimi silipendi, kwanza kulipanda ni hatari na pili likipata joto la mchana linainua hewa na kuvuruga mshale ulio karibu nalo.

Tahadhari, na hizi siyo za kujaza ukurasa:

- Mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme. Pima hivi: ukianguka upande wowote usiguse waya.
- Ukisikia radi acha kusoma, ingia ndani. Mlingoti uliosimama peke yake uwanjani ndio utakaopigwa.
- Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, laza mlingoti chini. Vimbunga pwani ya Tanzania ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, ila Hidaya alifika Mei 2024 mpaka Mafia, kwa hiyo usiseme huku haviji.

## Hatua ya 5: Kupata kaskazini ya kweli

Dira ya simu inatosha, ila kwanza izungushe hewani kwa mtindo wa namba nane ili ijirekebishe, na simama mbali na gari, nondo na mabati. Chuma kikiwa karibu dira inapotea vibaya.

Ukitaka kuhakikisha tumia kivuli. Simika kijiti wima, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache kuanzia saa sita kasorobo mpaka saa saba kasorobo mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Usitegemee saa sita kamili ya saa ya mkononi, saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki ambao uko baharini huko, Dar iko nyuzi 39, kwa hiyo jua linachelewa kufika katikati.

Ila hapa kuna mtego. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, kivuli cha mchana kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume, kinaangukia kaskazini. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, Dar na Mombasa jua linapita karibu utosini, kivuli kinakaribia kupotea kabisa, siku hizo usihangaike, tumia dira.

Chora pande nane chini ya mlingoti. Na sheria ambayo haina mjadala: upepo unaitwa kwa jina la unakotoka, siyo unakokwenda. Kichwa cha mshale kikiangalia mashariki, huo ni upepo wa mashariki. Walimu, nusu ya makosa ya watoto kwenye zoezi hili ni hapa.

## Hatua ya 6: Makopo mawili, ili uone chanzo

Unaweza kuiruka ukiwa na haraka, ila mwenye kuifanya hasahau.

Jaza kopo moja mchanga mkavu, lingine maji, ujazo sawa. Yaache kivulini usiku yalingane joto. Asubuhi saa tatu chomeka vipimajoto, ncha ya kila kimoja iwe sentimita moja chini ya uso, kisha weka makopo yote juani pamoja. Weka kipande cha karatasi nyeupe kukinga sehemu ya kipimajoto iliyo nje, jua lisikipige moja kwa moja. Andika kila robo saa mpaka saa sita, halafu yasogeze yote kivulini na uendelee kuandika.

Mchanga utapanda haraka na kuyaacha maji mbali, na kivulini utashuka haraka pia wakati maji yanang'ang'ania joto lake. Maji yanahitaji kama mara tano ya joto linalohitaji mchanga wa uzito ule ule ili yapande digrii moja. Baharini ni zaidi ya hapo kwa sababu mwanga unazama ndani na mawimbi yanachanganya maji.

Sasa hamisha akili. Mchana nchi kavu imechemka, hewa juu yake inatanuka na kupanda, presha ya chini inapungua, hewa ya baharini iliyo baridi kidogo inaingia kujaza. Huo ndio upepo wa bahari. Usiku nchi kavu imepoa kuliko bahari, mchezo unageuka, hewa inateleza kutoka bara kwenda baharini, na wavuvi wa ngalawa wanautumia alfajiri kutoka. Wa usiku huwa mwepesi kuliko wa mchana kwa sababu tofauti ya joto ni ndogo, kwa hiyo usitegemee utikise minazi.

Ukiona joto la makopo yote linapanda sawasawa basi mchanga wako una maji. Ukaushe, urudie.

## Hatua ya 7: Kusoma na kuandika

Soma mara nne kwa siku: saa moja asubuhi, saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku. Ukiweza mbili tu, chukua saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Saa sita mchana ambayo wengi wanaipenda kwa sababu ya mapumziko ya shule ni saa mbaya kuliko zote, upepo wa bahari siku nyingine umeshaingia, siku nyingine ndio unaingia, unapata mchanganyiko.

Usiangalie mara moja ukaondoka. Kaa dakika kumi, uandike upande ambao mshale umekaa muda mrefu zaidi. Vituo navyo vinachukua wastani wa dakika kumi.

Nguvu ya upepo huna mashine ya kuipima, tumia macho. Kipimo cha Beaufort mabaharia wanakijua:

- 0: moshi unapanda wima. Upepo hakuna.
- 1: moshi unainama, mshale bado umelala. Kilomita 1 mpaka 5 kwa saa.
- 2: unausikia usoni, majani yanachakarisha. 6 mpaka 11.
- 3: majani na vitawi vinacheza muda wote, bendera nyepesi imenyooka. 12 mpaka 19.
- 4: vumbi na makaratasi vinainuka. 20 mpaka 28.
- 5: miti midogo inayumba. 29 mpaka 38.
- 6: matawi makubwa yanatikisika, mwavuli haushikiki. 39 mpaka 49.

Kwenye namba 1 usiuamini mshale, hewa haina nguvu ya kuushinda msuguano. Angalia moshi wa jiko la jirani au utepe. Wengi wanaupoteza upepo wa nchi kavu kwa sababu hii tu, upo, ila ni mwepesi, mshale umebaki pale jioni ilipouacha na mtu anaandika hivyo hivyo. Saa moja asubuhi ugeuze mshale kidogo kwa mkono na uone kama unarudi. Usiporudi, andika namba 0 au 1 na upande wa moshi.

## Hatua ya 8: Presha ya kwenye simu, kama simu yako inayo

Simu nyingi za bei ya juu, na baadhi za bei ya kati, zina kipima presha ndani, kuna programu za bure zinakionyesha. Kiandike kwenye safu ya tano ya daftari, baada ya tarehe, saa, upande na nguvu.

Kuna jambo litakutisha: kila siku alasiri presha inashuka, na mtu anaanza kutangaza mvua kubwa inakuja. Tulia. Ukanda wa tropiki presha inapanda na kushuka mara mbili kwa siku yenyewe tu, inafika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, inafika chini kama saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ya hektopaskali kama 3. Ni angahewa nzima inapumua kwa sababu ya joto la jua, mvua haihusiki hapo. Linganisha saa tisa ya leo na saa tisa ya jana, usilinganishe asubuhi na jioni.

Na usibadilishe ghorofa. Ukipanda mita 8 presha inapungua kama hektopaskali 1, kwa hiyo mtu anayesoma asubuhi chini na jioni ghorofa ya tatu anapima ngazi.

## Hatua ya 9: Tenganisha upepo wa msimu na wa kila siku

Ukishapata wiki mbili au tatu, chora duara nne, moja kwa kila saa unayosoma. Kila duara igawe pande nane. Kwa kila siku weka nukta upande ambao upepo ulitoka. Usichanganye saa zote kwenye duara moja, ukichanganya ndipo unapata ile vurugu.

Sasa zilinganishe. Kile kinachofanana kwenye duara zote nne ni upepo wa msimu. Kinachohama kutoka duara moja kwenda lingine ni upepo wa kila siku.

Kaskazi, kama Desemba mpaka Machi: mara nyingi asubuhi nukta zinakaa upande wa kaskazini na nyepesi, alasiri zinahamia kaskazini mashariki au mashariki na namba ya nguvu inapanda. Kusi, kama Mei mpaka Septemba: asubuhi zinakaa kusini, wakati mwingine kusini magharibi, alasiri zinavutwa kusini mashariki au mashariki. Umeona mchezo? Misimu yote miwili alasiri nukta zinavutwa kuelekea baharini. Huo mvuto ndio upepo wa bahari uliokuwa unautafuta.

Kwa hiyo Julai ukikosa upepo unaogeuka kabisa kutoka bara usiku, hujafeli. Kusi ina nguvu, upepo wa nchi kavu hauwezi kuishinda, unaweza tu kuipunguza na kuipindisha kidogo. Duara la asubuhi likitofautiana na la alasiri kwa sehemu moja au mbili kati ya nane, umefanikiwa. Anayetaka kuona mgeuko kamili asubiri tanga mbili, yale maleleji ya katikati ya misimu, upepo wa msimu ukiwa umelegea.

Na huo wa msimu wenyewe unatoka wapi? Kwenye makopo yale yale. Julai bara la Asia limechemka, ni kopo la mchanga, Bahari ya Hindi upande wa kusini imepoa, hewa inakimbia kutoka kusini kwenda kaskazini inatupitia sisi. Desemba Asia imepoa, joto limehamia kusini ya ikweta, hewa inageuza njia. Mzunguko wa dunia nao unaipindisha, kusini ya ikweta inaenda kushoto, kaskazini ya ikweta kulia, ndiyo maana kusi kwetu inatokea kusini mashariki na ikishavuka ikweta kwenda Somalia inageuka inatokea kusini magharibi. Jahazi za Oman na Ghuba zilikuja na kaskazi zikarudi na kusi kwa sababu hiyo hiyo.

Wa Unguja Mjini mna mtihani wa ziada, bahari iko magharibi yenu, kisiwa chembamba, na upepo wa msimu unapita juu yake chote. Mkiweza pelekeni mshale upande wa Paje au Jambiani, picha inakuwa safi zaidi.

Ukiwa pale pale inua macho uangalie mawingu. Panga jicho na ncha ya mlingoti au nguzo, uone mawingu ya chini yanakwenda wapi, halafu yale membamba ya juu sana. Mara nyingi yatakwenda njia tofauti na mshale wako, hasa alasiri, kwa sababu upepo wa bahari una kimo cha mita mia chache mpaka kama elfu moja tu. Andika safu ya sita kama una nafasi.

## Wa Kanda ya Ziwa

Hatua zote ni zile zile, badilisha bahari kwa ziwa. Ziwa Nyanza, yaani Victoria, ni kubwa vya kutosha kutengeneza pepo zake: mchana zinatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku zinatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwenu mgeuko unaonekana vizuri kuliko pwani. Presha ya simu isiwatishe, ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kusoma kama 885 ni kawaida, simu haijaharibika.

Wa Musoma na wa Bukoba mkilinganisha madaftari mtakuta saa ile ile pande zenu zinapingana. Alasiri Bukoba upepo unatoka mashariki, kwa sababu ziwa liko mashariki yao, na Musoma unatoka magharibi. Ndivyo inavyotakiwa.

Usiku pepo hizo za pande zote zinakutana katikati ya ziwa, hewa haina pa kwenda inapanda, na ndiyo sababu kubwa ya radi na dhoruba za usiku zinazowakuta wavuvi majini. Mshale wa nyumbani hauwezi kukuonya juu ya dhoruba hiyo, ufukweni panaweza kuwa shwari kabisa na ndani kunawaka. Mwenye ndugu anayetoka na mtumbwi jioni amwangalizie utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hajasukuma chombo.